Tangazo Lililokatiwa Gauni

Kutoka mlangoni kwa Bibi hadi bombani ni hatua kumi na moja. Kutoka bombani hadi chooni ni hatua tisa, na ukuta uko mkono wa kulia. Bibi alizihesabu kila asubuhi kwa sauti. Macho yake yalikuwa yamebaki ya kutofautisha mchana na usiku tu. Familia sita zilikaa kwenye ua ule, na hakuna aliyehitaji saa. Wakisikia "kumi na moja!" na ndoo ikigonga sakafu, walijua kumekucha.

"Bibi, leo umeruka ya saba," mlinzi aliyepanga chumba cha tatu alimtania akirudi kutoka kazini.

"Wewe uliyelala lindoni ndiye wa kunifundisha kuhesabu?" Bibi akamjibu.

Ua mzima ulicheka. Aliyecheka kuliko wote ni mkwe wake, mwanamke mnene mwenye sindano kifuani siku zote. Watu walimwita Fundi. Jina lake halisi lilijulikana kwa mumewe na kwenye kitambulisho, basi. Cherehani yake ilikaa barazani, mbele ya mlango. Mumewe alikuwa mfuaji wa mashuka hospitalini, na hospitali ilikuwa mwendo wa dakika ishirini kwa miguu. Walipanga vyumba viwili: kimoja chao na watoto wawili, kingine cha Bibi, mama yake mume.

Tusitie chumvi. Nyumba ile haikuwa ya kujivunia. Mvua ikinyesha, walikinga ndoo nne. Choo kilikuwa kimoja kwa familia sita, na asubuhi foleni yake ilikuwa na siasa zake. Lakini Bibi alikuwa anaujua kila ukuta. Alitembea peke yake, aliteka maji peke yake, kisha akaketi kando ya cherehani na kuchambua vifungo kwa vidole. Vya matundu mawili kopo hili, vya matundu manne kopo lile. Hakukosea hata kimoja.

Siku moja Fundi alikuwa anakwenda kununua uzi. Akaona karatasi kubwa imebandikwa kwenye ukuta wa nje. Ilikuwa nyeupe, pana kama mkeka, na chini yake imechorwa ramani ya mtaa kwa rangi tatu. Fundi aliigusa. Ilikuwa nzito, ya kunyooka vizuri, si ya kuchanika hovyo.

Wiki nzima alikuwa anatafuta karatasi kama ile. Gauni la Bibi lilikuwa limechakaa makwapani, na kitambaa kipya kilikuwa tayari sandukuni. Lakini bega moja la Bibi lilikuwa limeshuka kwa uzee. Gauni la vipimo vya kawaida lisingemkaa. Fundi alitaka kuchora kwanza kwenye karatasi: kifua, mgongo, mikono. Angekata karatasi, kisha aiweke juu ya kitambaa na kukata bila wasiwasi. Hivyo ndivyo alivyofanya kazi zake zote za maana.

Alisoma mstari wa juu: TANGAZO KWA WAKAZI. Akaishia hapo.

"Mambo ya wenye viwanja haya," alimwambia jirani. "Sisi wapangaji yanatuhusu nini?"

Fundi hakuwa mwizi. Aliiacha karatasi siku tatu ili wanaohusika waisome. Hakuona anayeisoma. Siku ya nne alilowesha pembe zake kwa kitambaa na kuibandua polepole. Kufika adhuhuri, tangazo lilikuwa kifua, mgongo, mikono miwili na kola.

Gauni lilitoka vizuri ajabu. Bibi alipapasa mishono yote, moja baada ya moja, kama mkaguzi.

"Limenikaa, mwanangu," alisema. "Tangu bega hili lianguke, hili ndilo gauni la kwanza kunikaa."

Fundi alizitundika karatasi zile kwenye msumari, nyuma ya mlango. Karatasi nzuri haitupwi.

Miezi mitatu ikapita. Wakaja wanaume wawili wa jiji na barua ya kumpa mwenye nyumba. Mwenye nyumba alikuwa mzee mjane aliyekaa chumba cha mbele. Walimwita Mzee Funguo, kwa sababu ya shada la funguo alilovaa kiunoni. Aliisoma barua akiwa amesimama. Alipomaliza, alikuwa ameketi.

"Wanasema nini, mzee?" Fundi aliuliza.

"Wanasema kiwanja hiki ni cha nyumba moja na familia moja. Humu wamekuta sita. Wamenipa siku tisini niwatoe wote."

"Na tusipotoka?"

"Watabomoa vyumba vya nyuma. Wanangu, nisiwadanganye, mimi sina nguvu ya kupigana na jiji."

Mmoja wa wale wanaume alichora alama kubwa ya msalaba ukutani kwa rangi nyekundu. Aliichora upande wa kulia wa njia ya chooni. Bibi alitoka na ndoo yake, akapapasa ukuta kama kawaida. Kiganja kikarudi chekundu.

"Ukuta umelowa," alisema. "Umelowa nini?"

Watu sita walikuwa wamesimama pale. Fundi alimshika mkono, akaufuta kwa kitambaa.

Wakaanza kutafuta vyumba. Asubuhi Fundi alizunguka mtaa huu, jioni mumewe alizunguka ule. Karibu na hospitali waliona chumba cha kutosha kitanda na lawama tu, na kodi yake ilizidi mshahara wa mfuaji. Kwingine walikubaliwa, mpaka walipomtaja Bibi.

"Haoni kabisa?" mwenye nyumba mmoja aliuliza. "Aa, dada yangu. Ataniangushia jiko."

Nyua nyingine za bei yao zilikuwa na msalaba uleule mwekundu. Vyumba vya bei ndogo vilibaki pembezoni mwa mji tu, saa mbili kwa gari. Fundi alirudi kila siku na miguu iliyovimba, akaketi kwenye cherehani asishone. Maji yalikuwa yamemfika shingoni, na hakuona pa kushika.

Siku moja akaja mteja wake kuchukua sketi. Alikuwa msichana wa ofisi ya mipango miji, mchangamfu, ambaye watu wa mtaa walimpachika jina la Dada Ramani. Aliuona msalaba ukutani. Akakaa kwenye benchi bila kuitazama sketi.

"Dada, hebu nieleze," Fundi alisema. "Tumewakosea nini? Hatuuzi gongo, hatuibi. Kosa letu ni kulala?"

"Si kosa lenu, dada Fundi. Ni kanuni. Mji umegawanywa maeneo, na kila eneo limeandikiwa kanuni yake. Hapa viwanda, pale maduka, huku makazi. Eneo hili ni la makazi, lakini ya namna moja tu. Kiwanja kimoja, nyumba moja, familia moja. Na kila nyumba iwe na mahali pa kuegesha gari."

"Gari!" Fundi alicheka kwa uchungu. "Mimi nina cherehani. Ina gurudumu moja. Haitoshi?"

Dada Ramani hakucheka.

"Kanuni hiyo iliandikwa zamani, mji ukiwa na watu wachache. Sasa watu ni wengi, na kazi ziko hapa katikati. Mfuaji, mlinzi, mfagizi, wote wanafanya kazi hapa. Lakini kanuni hairuhusu mtu kuwajengea nyumba za ghorofa zenye kodi ndogo. Nyumba za kodi ndogo zikikatazwa, watu hawaondoki. Wanajibana kwa siri, kama hapa. Kisha jirani analalamika, na jiji linakuja na rangi."

"Basi si kanuni ibadilishwe?"

"Tulitaka kuibadilisha. Tuliandika mpango. Kwenye eneo hili, ghorofa nne ziruhusiwe. Familia nyingi zikae kwenye kiwanja kimoja, mradi kuwe na vyoo vya kutosha, mfereji, na njia ya pili ya kutokea moto ukiwaka. Anayejenga nyumba tano, moja aipangishe kwa kodi nafuu isiyopanda hovyo. Lile la kuegesha gari lifutwe. Na kwenye yadi ya zamani ya malori ya taka, jiji lenyewe lijenge nyumba za wenye kipato kidogo."

"Ikawaje?"

"Tuliita wakazi waje kutoa maoni. Wakaja watu kumi na wanne, wote wa viwanja vikubwa. Wote walikataa. Baraza likasema wakazi hawataki, mpango ukawekwa kando. Niliumia, dada Fundi. Nilijua mko wengi. Niliwaza, mbona hawakuja hata mmoja?"

"Mlituita lini? Hatukusikia."

"Tulibandika tangazo. Kubwa kabisa, lenye ramani. Moja tulilibandika hapo nje kwenu, kwenye ukuta huu."

Mguu wa Fundi ulikuwa kwenye kanyagio la cherehani. Ulibaki hapohapo.

Alimpa Dada Ramani sketi yake, hata malipo akasahau kuomba. Mumewe alipotoka kazini, alimkuta ameketi sakafuni nyuma ya mlango. Karatasi za gauni zilikuwa mbele yake. Alikuwa amezipanga, kifua, mgongo, mikono huku na huku. Ilikuwa kama mtu amelala chali.

"Nisaidie kusoma," alisema. "Macho yananicheza."

Mume akapiga magoti. Maandishi yalianzia bega la kushoto, yakapita kifuani, yakaendelea kwenye mkono. Wakazi wote mnaalikwa. Mkazi ni kila mtu anayeishi katika eneo hili, awe mwenye nyumba au mpangaji. Fika utoe maoni, au andika barua. Mkutano utafanyika tarehe...

Hapo palikuwa na tundu. Tarehe ilikuwa kwenye shingo, na kipande cha shingo Fundi alikikata, akakiwashia jiko.

"Awe mwenye nyumba au mpangaji," mume alirudia polepole. "Mama watoto, walituita sisi."

"Nimeuua huu ua kwa mkasi wangu," Fundi alisema. Akaanza kulia, si kwa sauti, bali kwa mabega.

Bibi alikuwa kitandani kwake, mlango wazi. Masikio yake hayakuwa na kasoro.

"Hilo mnalolisoma ni gauni langu?" aliuliza.

"Ndiyo, mama," Fundi alisema. "Nisamehe."

Bibi alishika pindo la gauni alilovaa, akalikunja, akalikunjua.

"Ulinishonea gauni, na nimelivaa nikashukuru," alisema. "Lakini ungesoma kwanza, mwanangu. Ungesoma."

Maneno hayo hayakuwa ya hasira. Ndiyo maana yalimuuma.

Kesho yake Fundi alikwenda ofisi ya mipango miji. Alikwenda na karatasi zake chini ya kwapa, akakiri kila kitu. Dada Ramani alizitazama zile karatasi, akaweka mkono mdomoni.

"Majuto ni mjukuu, dada Fundi. Lakini bado kuna mlango mmoja. Wakazi mia mbili wakiandika barua na kuweka sahihi, baraza linalazimika kuusikiliza mpango upya. Wapangaji wanahesabiwa."

"Na hizi siku tisini?"

Dada Ramani alitazama chini. "Hizo hazisimami. Barua itakwenda njia yake, na amri itakwenda njia yake. Siwezi kukuahidi kwamba barua itatangulia."

Fundi alizunguka nyua zenye misalaba. Alitandika zile karatasi sakafuni na kuzisoma kwa sauti, kutoka bega hadi mkono. Ugumu haukuwa kusoma. Ugumu ulikuwa hofu.

"Tukiandika majina, si tunajitaja wenyewe kwamba tuko kinyume cha sheria?" mlinzi alimuuliza.

"Wameshatujua, baba. Msalaba huo wamemchorea nani?"

"Sisi ni wapangaji tu. Mnyonge hana haki."

"Hata mimi nilisema hivyo. Ona nilichokata."

Mlinzi aliutazama ukuta, kisha akaichukua kalamu. Zilipatikana sahihi mia mbili na kumi na mbili. Bibi aliweka dole gumba.

Barua ikaenda. Mkutano ukapangwa, ukaahirishwa kwa sababu mwenyekiti alisafiri. Ukapangwa tena, ukaahirishwa kwa sababu ukumbi ulivuja. Ngoja ngoja huumiza matumbo. Siku ya tisini ilifika, na mkutano haujafanyika.

Walihama kwa mkokoteni na gari la kukodi. Mzee Funguo alisimama mlangoni na shada lake, akipokea funguo moja moja, bila kumtazama mtu usoni. Bibi alitaka kutembea mara ya mwisho hadi bombani. Alihesabu kama kawaida. Alipofika kumi na moja, hapakuwa na ndoo ya kugonga. Alisimama tu, mkono juu ya bomba, mpaka mwanawe alipokwenda kumshika.

Chumba kipya kilikuwa pembezoni, kwenye mteremko. Bomba lilikuwa mbali, ng'ambo ya mtaro. Mume sasa alitoka nyumbani alfajiri na kurudi amechoka asiweze kula, na kuna juma alirudi mara mbili tu, siku nyingine akalala kazini. Wateja wa Fundi walibaki mjini. Siku ya pili, Bibi alijaribu kutoka peke yake. Alihesabu nne, mguu ukaingia mtaroni. Hakuvunjika, lakini hakujaribu tena.

"Nitakushika mkono, mama, twende," Fundi alimwambia kila asubuhi.

"Hapa sijui ukuta," Bibi alijibu. "Niache nikae."

Akakaa. Kwanza kwenye kiti, baadaye kitandani. Vifungo aliletewa, akavishika bila kuvichambua. Fundi alimwona mtu anazimika mchana kweupe, na hakuwa na la kufanya. Alijiambia kwamba ni uzee. Hakuyaamini maneno yake.

Siku ya mkutano ilipofika, Fundi alipanda magari mawili. Ukumbi ulijaa. Mwenye kiwanja kikubwa alisimama kwanza, mtu mstaarabu mwenye miwani.

"Hatuwachukii maskini," alisema. "Lakini watu wakizidi, maji hayatatosha, na mifereji itafurika."

Dada Ramani akajibu kwamba mpango unamtaka kila mjenzi aongeze mabomba na mifereji kabla mtu hajahamia. Akaongeza kwamba watu wenyewe tayari wapo, ila wanaishi bila vyoo vya kutosha. Kisha Fundi akaitwa. Alikuwa amejiandaa kusema mengi. Yote yakamtoka kichwani.

"Mume wangu anafua mashuka ya hospitali yenu," alisema. "Mkilazwa, mnalalia mikono yake. Sasa anakaa mbali, anachelewa, anakatwa mshahara. Mama yake alikuwa anatembea. Sasa hatembei. Tangazo lenu nililikata mimi, kwa ujinga wangu, na nimeadhibiwa. Sasa nimelisoma. Nakubaliana nalo."

Akaketi.

Baraza halikuamua siku ile. Liliamua baada ya miezi mitano, na mpango ukapita. Ghorofa nne ziliruhusiwa, maegesho ya lazima yakafutwa, na yadi ya malori ya taka ikatengwa kwa nyumba za kodi nafuu. Iliandikwa pia kwamba waliohamishwa kwa kanuni ya zamani wawe wa kwanza kwenye orodha. Mume alileta habari hiyo mbio, akainama kwenye kitanda cha mama yake.

"Mama, tunarudi! Wakishajenga, tunarudi!"

"Wajenge upesi," Bibi alisema.

Hawakujenga upesi. Nyumba haioti kama uyoga. Ilichukua mwaka na nusu, na Bibi hakuufikisha hata mwaka. Alizikwa pembezoni kulekule. Gauni lile Fundi alilikunja, akaliweka sandukuni, hakulitazama tena.

Siku ya kugawiwa funguo pale yadini, Dada Ramani ndiye aliyekuwa anaita majina. Walipewa nyumba ya chini, vyumba viwili na jiko, choo chao wenyewe, mkataba wa kodi mkononi. Mlinzi alipata ya juu yao. Mzee Funguo naye, kule kwenye kiwanja chake, alikuwa anajenga kihalali: vyoo vitatu, ghorofa mbili. Mume alipiga hesabu ya njia akatabasamu. Hospitali ilikuwa dakika kumi na tano. Watoto walikuwa wameshaanza kugombea dirisha.

Kwenye lango kulikuwa na karatasi kubwa imebandikwa, nyeupe, nzito. Watu walikuwa wanaipita na magodoro yao. Fundi alitua mzigo wake.

"Jamani, simameni kidogo," alisema. "Hii inasomwa."

Akaisoma yote kwa sauti, mpaka tarehe, akairudia tarehe mara mbili. Ilihusu mkutano wa wapangaji kuchagua kamati. Aliiacha palepale ukutani.

Kisha akaingia ndani. Alipigilia msumari nyuma ya mlango, akatundika kifua, mgongo na mikono miwili ya karatasi, iliyolainika kwa kukunjwa. Akasimama kizingitini na kufumba macho. Akanyoosha mkono mbele, akaanza kutembea.

"Moja," alisema. "Mbili. Tatu. Nne."

Vidole viligusa bomba. Lilikuwa ndani ya nyumba, mkono wa kulia, palepale ukutani.

"Ni nne tu, mama," alisema.

Akalifungua, na maji yakatoka.